Niliandika kwamba muuguzi anaharibu tablet, kumbe ubovu ulikuwa ndani ya browser

Wakuu, salamu kutoka upande wa pili wa ziwa.

Nimekuwa msomaji kimya humu kwa muda mrefu. Leo naandika kwa sababu kifua kimejaa. Haya yamenipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu, na sehemu zinazoniaibisha sitaziruka. Majina ya watu nimeyabadilisha, mengine yote ni vilevile yalivyokuwa.

Mimi ni Mkongomani, naishi Kalemie. Kiswahili chetu cha huku ziwani kinaelewana na cha Kigoma, ila nikinukuu watu wangu mtasikia "njo" (ndiyo) na "muntu" (mtu) na Kifaransa kidogo. Mtuvumilie.

Kazi yangu ni programu za kompyuta. Nimeajiriwa na mradi mdogo wa afya, siutaji. Tunavipa vituo vya afya tablet za kuandikia wagonjwa badala ya yale madaftari makubwa. Muuguzi anaandika jina la mtoto, umri na uzito, halafu fomu inamwambia dozi ya dawa ya malaria. Mtandao ukipatikana, taarifa zote zinakuja biro, yaani ofisini kwetu.

Fomu hizo zinafungukia ndani ya browser.

Na hapa najua kuna mtu anataka kuuliza: kwa nini msitumie hizi browser kubwa ambazo kila mtu anazo kwenye simu? Mkuu, tablet zetu ni za zamani. Browser kubwa ikifunguliwa pale, tablet inaganda mpaka unaenda kunywa chai na kurudi. Kwa hiyo tulichukua browser moja ndogo, nyepesi, ambayo code yake iko wazi kwa kila mtu na inatunzwa na watu wachache wanaojitolea, waliotawanyika huko duniani.

Mimi ndiye niliyeichagua. Na nilijivunia sana.

Sasa kisa.

Kuna muuguzi mmoja, nimwite Mama Astrida. Kituo chake kiko njia ya kwenda Kabimba, kule kwenye kiwanda cha saruji. Ni mama mtu mzima, amebakiza muda mfupi kustaafu. Watu wengi wa eneo lile aliwachoma chanjo wakiwa wachanga, leo wanamletea watoto wao. Si muongeaji. Akikutazama juu ya miwani unaanza kujiuliza umekosea nini.

Mama huyu akaanza kulalamika kwamba browser inajifunga yenyewe. Yuko katikati ya kuandika, mara skrini inarudi mwanzo, alichoandika kimepotea, na foleni ya akina mama wenye watoto wa homa imefika mlangoni.

Mara ya kwanza nikambadilishia tablet.

Ikaendelea.

Nikambadilishia tena.

Ikaendelea!

Nikazichukua zile mbili alizorudisha, nikazijaribu biro. Nimekaa kwenye kiti, feni inanipepea. Naandika mgonjwa mmoja taratibu, nahifadhi. Naandika wa pili, nahifadhi. Siku nzima hakuna tatizo. Siku ya pili hakuna tatizo. Ya tatu hivyohivyo.

Wakuu, mnajua mtu wa programu akishindwa kuliona tatizo anafanya nini? Anamtafuta mwenye kidole kilichobonyeza.

Nikaandika ripoti kwa Kifaransa kizuri kabisa. Nikasema vifaa ni vizima, programu ni nzima, tatizo ni la mtumiaji: anabonyeza kwa haraka na kwa nguvu kupita kiasi. Nikaweka sahihi. Nikaenda kula.

Mkuu wetu wa mradi, nimwite Papa Anaclet, anapenda ripoti fupi zenye mtu wa kulaumiwa mwishoni. Akaichukua ile yangu akaigeuza barua ya onyo. Halafu kwenye mkutano wa kila mwezi, wauguzi wa vituo vyote wamekaa kwenye viti vya plastiki, akaisoma kwa sauti. Mama Astrida mwenyewe yupo hapo. "Anaharibu vifaa vya mradi kwa uzembe."

Nilikuwepo. Niliangalia viatu vyangu mpaka akamaliza kusoma.

Wiki chache baadaye Papa Anaclet akaniita.

"Deo, uende kwa ule mama, umunyang'anye tablet. Nimeongea na wakubwa wake, watamutafutia kazi ingine. Mambo ya kisasa hayawezi."

"Kazi gani, Papa?"

"Kupanga dawa kwa étagère. Kule hatavunja kitu."

Hebu fikirini. Muuguzi wa miaka yote hiyo, amalizie kazi yake kwa kupanga makopo kwenye rafu, kwa sababu ya aya moja niliyoiandika mimi nikiwa na njaa.

Nikapanda pikipiki asubuhi. Nilipofika foleni ilikuwa ndefu, watoto wanalia, Mama Astrida yuko mezani kwake. Hakushtuka kuniona.

"Papa Deo, karibu. Umekuja kuichukua?"

"Ndiyo, Mama."

"Sawa. Lakini kwanza ukae hapa pembeni yangu, uniangalie nikitumika kazi yangu. Ukimaliza kuniangalia, utabeba."

Nikakaa kwenye benchi. Niseme ukweli, nilitegemea kuona mtu anaigonga tablet kama anatwanga mihogo. Hamna. Vidole vyake vyepesi kuliko vyangu. Mkono mmoja umeshika mtoto, mwingine unaandika, macho yanaenda kwa mtoto, yanarudi kwenye skrini, yanaenda kwa mama wa mtoto. Na kasi yake! Kwa muda ambao mimi biro naandika mgonjwa mmoja, yeye ameshawamaliza wanne.

Halafu akafungua droo akatoa daftari la shule.

Wakuu, nilitamani benchi lile linimeze.

Kila mara browser ilipojifunga, alikuwa ameandika. Alikuwa anafanya nini, alibonyeza wapi kwanza, alibonyeza wapi pili, nini kikatokea. Kurasa na kurasa, kwa mwandiko ule wa wauguzi wa zamani, ulionyooka.

"Mama, kwa nini hukunionyesha hii?"

"Nilikuja nayo siku ya ule mukutano. Nilikuwa nayo ndani ya mufuko. Nani aliniuliza?"

Nikalivuta daftari karibu.

Nikasoma. Kila mstari ulikuwa na neno moja linalojirudia: futa.

Akanieleza polepole, kama anavyomweleza mama mwenye mtoto wa kwanza. Watoto wanaandikishwa mlangoni, halafu mara nyingine wanaandikishwa tena ndani, kwa hiyo jina moja linatokea mara mbili kwenye orodha. Yeye anagundua akiwa ameshaanza kuandika uzito. Ukianza kuandika uzito, browser inatoa kiorodha kidogo cha namba zilizowahi kuandikwa, ili usirudie kuandika yote. Yeye anabonyeza "futa" kuondoa mstari uliorudiwa. Mstari unaondoka na fomu inafungua mstari mpya wa mtoto anayefuata, lakini kile kiorodha kinabaki kwenye skrini kidogo. Anakigusa ili kitoke.

Na hapo ndipo browser inajifunga.

"Kila mara, Mama?"

"Si kila mara. Kuko siku haijifunge. Na hiyo njo inanitishaka zaidi."

"Kwa nini?"

"Uvumilie. Utaona."

Tukaendelea. Mara mbili ikajifunga mbele ya macho yangu. Akaifungua tena bila kusema kitu, akaandika upya. Mara ya tatu haikujifunga. Mstari uliorudiwa ukaondoka, akagusa kiorodha, mstari mpya ukawa umefunguka kwa ajili ya mtoto mchanga aliyekuwa mikononi mwa mama yake pale mbele yetu.

Kwenye kisanduku cha uzito, ambacho hakuna mtu aliyekigusa, ikawa imeandikwa kumi na nne.

Na chini yake fomu imeshapiga hesabu ya dozi.

Mama Astrida akamwomba yule mama mtoto wake, akanikabidhi mimi.

"Umubebe. Hii mutoto iko na kilo kumi na ine?"

Nilimbeba. Mizani ilikuwa imesema sita. Alikuwa mwepesi, na mwili wake ulikuwa wa moto.

"Mimi ninaangaliaka mutoto kwanza, machine nyuma," akasema. "Lakini kwa vituo vingine kuko wauguzi wapya. Wao wanaamini kila kitu machine inasema."

Nikamrudisha mtoto kwa mama yake. Nikaichukua tablet nikajaribu mwenyewe, kwa mwendo wake, siyo mwendo wangu wa feni. Jaribio la kwanza, ikajifunga. La pili, ikajifunga. La nne, namba ikahamia kwenye mstari wa mtu mwingine.

Nikaizima tablet.

Nikamwomba arudie karatasi kwa muda, nikabeba tablet kama ushahidi. Nikaomba na daftari pia.

"Daftari inabaki. Upige foto."

Nikapiga picha ukurasa kwa ukurasa huku foleni ikinisubiri niondoke mezani.

Niliporudi mjini, kabla ya kitu chochote nikazima kile kiorodha kwenye tablet zote, mabadiliko yakawa yanaingia kila kituo kikipata mtandao. Vituo vyenye mtandao wa kubahatisha nikavipigia simu, kituo baada ya kituo: angalia uzito wa kila mtoto na mizani kabla ya kutoa dawa, usiiamini namba ya kwenye skrini.

Papa Anaclet akapandwa na hasira. Siyo kwa sababu ya ubovu. Kwa sababu ya simu.

"Unawatia watu woga! Sasa watasema mradi wetu ni mubaya."

"Papa, mtoto wa kilo sita angepewa dawa ya kilo kumi na nne."

"Lakini hakupewa."

Wakuu, nilitoka nje nikaenda kusimama barabarani kwanza.

Sasa niwaeleze ubovu wenyewe, bila kuwachosha. Wataalamu mtanisahihisha.

Browser hii imeandikwa kwa C++. Ni lugha yenye nguvu, lakini inamwachia mwandishi asimamie kumbukumbu ya kompyuta kwa mkono wake. Ukihitaji kitu, unaomba nafasi. Ukimaliza nacho, unaiachia, na nafasi ileile anapewa mwingine. Balaa linaingia pale unapoiachia nafasi wakati sehemu nyingine ya programu bado imeshika anwani yake. Wenyewe wanaita use-after-free, yaani kutumia kitu ambacho umeshakiachia.

Kile kiorodha kilikuwa kimeshika anwani ya kisanduku cha uzito. Muuguzi akifuta mstari, kisanduku kinaachiwa. Hakuna aliyekitaarifu kiorodha. Ukikigusa, kinaenda kwenye anwani ileile ya zamani na kuandika. Kama pale pamejaa takataka, browser inaanguka. Kama pameshakaliwa na kisanduku kipya cha mtoto mwingine, kinaandika humo, na hakuna kinachokuonya.

Biro sikuwahi kuona kwa sababu nilikuwa mzembe wa aina yangu. Sikuwahi kufuta mstari kiorodha kikiwa wazi. Nilijaribu programu kama mtu asiyekuwa na foleni.

Kuthibitisha hili kulinitoa roho. Kuna kifaa cha waandishi wa programu kinachotia alama kila nafasi iliyoachiwa, mtu akiigusa tu kinapiga kelele na kukuonyesha mstari wa code. Ila lazima uijenge browser nzima upya pamoja nacho. Kompyuta yangu inachukua kuanzia asubuhi mpaka alasiri. Siku ya kwanza umeme ukakatika saa nane mchana. Siku ya pili ukakatika saa tano. Siku ya tatu umeme upo, diski imejaa.

DISKI IMEJAA, wakuu.

Siku ya nne ndipo kikapiga kelele. Na kilinionyesha palepale daftari lilipokuwa linasema.

Papa Anaclet akapita nyuma yangu.

"Sasa umeona kosa, si uongeze tu mustari mumoja? Kama kisanduku haiko, usiandike. Leo jioni utume."

Naona aibu kusema, lakini nilikuwa nimechoka, nikafanya hivyohivyo. Nikaongeza mstari: kama anwani ni tupu, usiandike.

Haikusaidia kitu chochote. Kwa sababu anwani haikuwa tupu! Anwani ilikuwepo, imejaa, inaonekana nzima kabisa. Aliyehama ni mwenye nyumba. Kuuliza "una anwani?" hakukuambii nani anakaa pale leo.

Nikawaandikia watunzaji wa browser. Siyo kwenye ukurasa wao wa wazi. Ubovu wa namna hii hauutangazi kabla haujazibwa, wana sehemu ya siri ya kupokea mambo ya usalama. Nikaeleza yote, nikaambatanisha fomu yetu, nikangoja.

Jibu likaja: hatujaweza kuliona tatizo kwetu.

Nikaeleza tena, kwa urefu zaidi.

Jibu: labda ni vifaa vyenu, ni vya zamani sana.

Nikaeleza mara ya tatu.

Jibu: je, una uhakika watumiaji wako hawabonyezi haraka kupita kiasi?

Niliisoma hiyo sentensi mara mbili. Hasira zote nilizokuwa nazo kwa yule jamaa zikakosa pa kwenda. Ilikuwa sentensi yangu mwenyewe, imegeuzwa Kiingereza.

Nikafanya alichofanya Mama Astrida. Nikaacha kulalamika, nikaandika hatua kwa hatua. Nikaikata fomu yetu kipande kwa kipande, nikitoa kisichohitajika, mpaka ukabaki ukurasa wa mistari michache tu: kisanduku kimoja, kiorodha, na kufuta. Ukiufungua, browser inaanguka hapohapo, hata kwenye kompyuta mpya, hata kama mtu hajagusa kitu. Nikatuma.

Safari hii jibu lilikuja siku ileile. Fupi, na lugha imebadilika. Tumeliona. Ni la usalama, ni zito. Asante. Samahani.

Kwa nini zito? Kwa sababu kwetu nafasi ile ilikuwa inakaliwa na mtoto mwingine kwa bahati mbaya tu. Mtu mwenye nia mbaya haachii bahati. Anatengeneza ukurasa wake, anapanga yeye nini kikae kwenye ile nafasi, na browser ikienda pale inafuata maagizo yake ikidhani ni yake yenyewe. Anaweza kuchukua kila kitu kilichomo kwenye tablet. Kwetu kuna majina ya watu na magonjwa yao, ambayo wengine hata waume zao hawajawaambia.

Nikampigia Mama Astrida kumweleza. Sikujua nianzie wapi na mambo ya kumbukumbu, nikajikanyagakanyaga, akanikatiza.

"Ngoja. Ni sawa vile kitanda saba?"

"Kitanda saba?"

"Mugonjwa wa kitanda saba ameruhusiwa, ameenda kwake. Kitanda tumepa mwingine. Lakini karatasi ya sindano bado inasema kitanda saba. Muuguzi wa zamu anakuja, anachoma mwenye anamukuta."

"Njo vile, Mama. Njo vile kabisa!"

"Sasa ni nini munafikiria sana? Usimupe muntu kitanda mpaka karatasi zote zirudi. Na siku mugonjwa anatoka, umwambie mwenye karatasi aitupe."

Wakuu, hiyo ndiyo dawa yenyewe. Sehemu zote mbili. Kwanza, kiorodha kiwe na haki ya kukishikilia kisanduku, ili nafasi isiachiwe mpaka kila aliyeishika aseme amemaliza. Pili, mstari ukifutwa, kiorodha kitaarifiwe kijifunge. Mimi nilikuwa nimefikiria sehemu ya kwanza tu. Ya pili ilitoka kwa mama ambaye tulitaka kumpeleka kupanga makopo.

Nikaandika marekebisho. Yakarudishwa kwa sababu nimeacha nafasi mbili badala ya nne mwanzoni mwa mistari. Nikarekebisha. Yakarudishwa kwa sababu sijaweka jaribio la kuhakikisha ubovu haurudi. Hapo walikuwa na haki, nikaliweka. Yakarudishwa tena kwa ajili ya nukta. Nukta! Mwisho yakakubaliwa, wakatoa toleo jipya, nikaanza kuzunguka vituo kuliingiza.

Huko ndiko nilikokutana na jambo lililonichoma kuliko yote.

Kituo kimoja upande wa mto Lukuga, muuguzi kijana akanikabidhi tablet yake, akasema kwa sauti ya chini, "Na yangu ilikuwa inajifungaka."

"Tangu lini?"

"Kitambo."

"Mbona hukusema?"

Akaniangalia kama nimeuliza swali la mtoto.

"Nilisikia barua ya Mama Astrida ikisomwa."

Kituo kilichofuata, hivyohivyo. Kingine tena. Yaani tulikuwa tumekaa biro tukisema ni mtu mmoja tu anayelalamika, kwa hiyo tatizo ni lake. Kumbe tuliwafunga midomo wote siku moja, kwa ukurasa mmoja.

Tukawakalisha, tukapitia uzito walioandika kwenye tablet na ule wa kwenye karatasi za mizani. Tulikuta uzito uliohama. Kila mtoto wa namna hiyo alitafutwa, na kwa bahati hatukupata aliyedhurika. Nasema bahati kwa sababu haikuwa akili yetu.

Tablet ikarudi kwa Mama Astrida na ile habari ya rafu ikafa. Papa Anaclet akaandika ripoti kwenda juu: "timu yetu ya ufundi imegundua na kutatua." Nikamuuliza, na ile barua ya onyo?

"Imeshapita hiyo. Tuiache tu ndani ya dosye."

"Papa, huyu mama anastaafu karibuni. Jalada lake litafungwa na neno uzembe ndani."

"Nitafuta barua kwa ajili ya kila muntu mwenye anakasirika?"

"Barua yako imesimama juu ya ripoti yangu. Ripoti naitoa. Sasa barua yako imesimama juu ya nini?"

Nikamwekea mezani karatasi niliyokuwa nimeshaiandika, yenye sahihi yangu: kwamba nilisema uongo bila kukusudia, kwamba sikwenda kuangalia, kwamba aliyegundua ubovu ni Mama Astrida, na ushahidi ni daftari lake. Nakala nilikuwa nimeshapeleka kwa waliokuwa juu ya Papa Anaclet. Alinuna siku mbili. Ya tatu akatoa barua ya mistari miwili ya kufuta ile ya kwanza.

Nikampelekea Mama Astrida mwenyewe. Akaisoma amesimama, akaikunja.

"Asante. Ile ya kwanza ilisomwa mbele ya watu. Hii nani ataisoma?"

Nilijua jibu, ila nilijifanya nafikiri.

Mkutano uliofuata, viti vilevile vya plastiki, nikasimama mimi. Nikasoma barua ya mistari miwili, halafu nikasoma karatasi yangu yote, pamoja na ile sentensi ya kubonyeza haraka na kwa nguvu. Papa Anaclet alikuwa anatazama simu yake. Nilipomaliza hakuna aliyepiga makofi.

Halafu Mama Astrida akanyoosha mkono.

"Papa Deo, ile kitufe ya kutuma, ukiigusa mara moja iko inatuma mara mbili."

Nyuma yake mkono mwingine ukanyooka. "Na kwetu tarehe inarudi nyuma." Halafu mwingine. Halafu wa upande wa Lukuga, yule wa sauti ya chini, naye akanyoosha.

Nikavuta kiti, nikachukua kalamu, nikaanza kuandika. Tulimaliza saa saba mchana, Papa Anaclet alikuwa ameshaondoka.

Nilichojifunza, wakuu, ni kwamba ubovu ule ulidumu kwa sababu mtu wa pekee aliyeuelewa hakuulizwa. Code niliirekebisha kwa siku chache. Kumrudishia mtu jina lake kulichukua muda mrefu zaidi, na sehemu hiyo hakuna kifaa kinachopiga kelele ukikosea. Siku hizi sifungi lalamiko lolote mpaka nimekaa kwenye benchi la mwenye kulalamika.

Kwa mnaoandika programu humu, mnisahihishe nilipopotosha kuhusu kumbukumbu, sitanuna. Na ninyi wauguzi, makarani, watu wa kaunta, mliowahi kuambiwa "ni wewe hujui kutumia": ilikuwa nini, na nani alikuja kuwaomba radhi? Andikeni hapa chini, nasoma yote.